Bila Kugusa Chini

Nahodha alirudi jua likiwa halijafika hata kimo cha paa, na mkewe, mfinyanzi, akajua kuna jambo. Mtumbwi ambao ungerudi mtupu alasiri ulikuwa umerudi asubuhi, umejaa vilevile ulivyoondoka: mitungi chini, vyungu juu, nyasi kavu katikati visije vikagongana.

"Kwani leo si siku ya soko?" mfinyanzi aliuliza. Mikono yake ilikuwa ndani ya udongo mpaka viwikoni.

"Ni siku ya soko. Mto ndio umefungwa."

"Mto unafungwaje?"

"Kwa waya. Mnene kama kidole gumba. Umetoka ukingo huu mpaka ule, pale shamba linapoanzia, na ubao umening'inia katikati. Mali ya mtu binafsi, usipite."

Watu walimwita Nahodha kwa utani, maana chombo chake kilikuwa gogo moja lililochongwa, na abiria wake wakubwa walikuwa vyungu vya mkewe. Utani ulikuwa umezeeka ukawa jina. Aliukalia ukingo wa mtumbwi, upondo wake mrefu ukiwa umelala magotini, akatazama mto ukipita mbele yake kwenda kule ambako yeye alikuwa amekatazwa.

Mama yake, mwenye masikio mazito na ulimi mwepesi, aliuliza kutoka kibarazani, "Anasemaje huyo?"

"Anasema mto umefungwa, mama," mkamwana akapaza sauti.

"Umefungwa na nani?"

"Na mwenye shamba."

"Ah. Huyo mimi hata uso wake siujui."

Hakuna aliyeujua. Shamba lilikuwa limenunuliwa kando zote mbili za mto, na aliyeonekana siku zote alikuwa meneja. Mfinyanzi alingoja moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Akarudisha mikono kwenye udongo, kwa sababu udongo ukishalainika haungoji mtu amalize habari zake.

Wakajaribu barabara. Walikodi gari dogo la mizigo, wakapanga vyungu kwa magunia na matambara, mfinyanzi akapanda nyuma akakumbatia mtungi mmoja kama mgonjwa. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Walipofika sokoni aliteremka akiwa na mtungi ule mzima, na nyuma yake gari limejaa magae.

"Mimi nimebeba," dereva alisema. "Kuvunja imevunja barabara."

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Hawakusema kama aliwahi kupata mnunuzi wa hayo magae. Alimlipa dereva nauli yake yote, akafagia gari lake pia, maana dereva alisema hawezi kurudi na uchafu.

Wakaenda kwenye geti la shamba, mume na mke, wamevaa nguo zao za kwenda kutazama wagonjwa. Walisimama juani hadi meneja akatokea, mtu mwenye sauti ya taratibu, akaongea nao huku akisimamia gari lake likioshwa.

"Tunapita tu, bwana," Nahodha alisema. "Hatuchukui kitu. Hata samaki hatuvui."

"Wote husema wanapita tu." Meneja akamwonyesha muoshaji tope lililobaki kwenye tairi. "Mzee, mimi sina neno na wewe. Mimi ni wa kutumwa tu, kama wewe. Mkubwa hataki watu katikati ya shamba lake."

"Hatuko katikati ya shamba. Tuko katikati ya mto."

"Na mto uko katikati ya nini?"

 Meneja akamgeukia mfinyanzi kwa upole. "Nyumbani kwenu hakuna kijana anayetafuta kazi? Tunataka walinzi."

Kijana alikuwepo. Mdogo wake Nahodha alikuwa amekaa nyumbani tangu kiwanda cha matofali kilipofungwa, akila chakula cha kaka yake macho yakiwa chini. Mfinyanzi alidhani mumewe hatalitaja jambo lile. Lakini Nahodha alilitaja jioni ileile, kwa sauti kavu, kama mtu anayetoa salamu alizoagizwa. Mdogo wake akasikiliza, akainuka, akaenda kunawa miguu.

Baada ya siku chache alirudi na sare ya kijivu na buti nyeusi zilizolia alipotembea. Alisimama mlangoni asijue aingie nazo au azivue.

"Umependeza," mama yake alisema. "Unalinda nini?"

"Mto, mama."

"Mto? Una mwizi?"

Mfinyanzi akacheka, kicheko kikamtoka kabla hajakikata. Nahodha alichukua sahani yake akaenda kulia nje. Shemeji mtu akala, na alipomaliza akasema, "Shemeji, wameniweka kwenye waya. Sikuchagua."

"Nani amesema umechagua?"

"Kaka hasemi na mimi."

"Kaka yako hasemi na mtu. Ongeza chakula."

Kuanzia hapo sare ilianikwa kwenye kamba ya nyumba ileile, bega kwa bega na shati la Nahodha. Upepo ukivuma zilikuwa zinapigana mikono.

Watu wa upande wa juu wa mto walikuwa wengi, si wao peke yao. Kulikuwa na wauza mboga, na fundi viti, na mwanamke aliyekuwa akimpeleka mumewe kliniki kwa maji kwa sababu mgongo wake haukuvumilia barabara. Walikusanyika wakashtaki. Ikachukua muda, mpaka siku moja wakaitwa kwenye ofisi iliyokuwa na feni isiyozunguka. Afisa wa maji alikuwa kijana mwenye mafua, akipenga kila baada ya maneno machache.

Wakili wa shamba alisema mteja wake amenunua ardhi ya upande huu na ardhi ya upande ule. Ya katikati iwe ya nani kama si yake? Akakaa, akafunga kifungo cha koti.

Afisa akapenga. "Maji yanayotembea hayana mwenyewe," alisema. "Ni ya umma. Waya utolewe."

Benchi zote zikalipuka kwa makofi. Nahodha hakupiga. Alikuwa ameona kwamba afisa hajamaliza kusoma.

"Lakini ardhi iliyo chini ya maji, pamoja na kingo zote mbili, ni mali ya shamba. Anayepita apite juu ya maji. Asikanyage chini, asishike ukingo, asifunge chombo, asichomeke upondo. Akigusa chini atakuwa ameingia katika eneo la mtu bila ruhusa, na hapo sheria itafuata mkondo wake."

Nahodha alisimama. Mfinyanzi hakuwahi kumwona akisimama mbele ya watu. "Mheshimiwa, sisi tunasukuma kwa upondo. Upondo hausukumi mpaka uguse chini."

"Tumieni makasia."

"Na penye fungu la mchanga? Kiangazi hapo watu hushuka, wakaburura."

"Msishuke."

"Sasa mtumbwi utapitaje?"

Afisa alimtazama kwa macho mekundu ya mafua, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. "Mzee wangu, mimi nimekupa haki ya kupita. Namna ya kupita ni juu yako."

Nje watu walikumbatiana. Fundi viti alimshika mfinyanzi mkono akautikisa mpaka bega, akisema tumeshinda, dada, tumeshinda. Mkono wake ulizipokea pongezi zile kama unavyopokea chenji sokoni. Aliziona, hakuzisikia mwilini.

"Mmeshinda?" mama mkwe aliuliza jioni.

"Tumeshinda, mama."

"Mbona mnakula kama waliofiwa?"

Mvua zilipokuwa zinanyesha, mambo yalikwenda. Nahodha alichonga makasia mawili, akaulaza upondo wake chini ya upenu wa nyumba. Mto ulikuwa umejaa, chini hakukuonekana, na mtumbwi ulipita shambani kama mgeni anayepita sebuleni kwa watu, bila kutazama huku wala kule. Ukingoni alikaa mdogo wake kwenye kigoda, simu mkononi. Kazi yake mpya ilikuwa kupiga picha mguu wowote au upondo wowote utakaogusa chini. Siku ya kwanza aliinua mkono kuwasalimu. Nahodha alikuwa anatazama maji.

Nyumbani hawakulizungumza. Mlinzi alikuwa akirudi, akivua buti, akiuliza kama kuna kuni za kupasua. Alikuwa akizipasua zote, hata zisizohitajika.

Kisha mvua zikaisha, na mto ukaanza kuonyesha mbavu zake.

Ndipo ilipokuja kazi kubwa. Shule moja mjini iliagiza mitungi ya maji ya kunywa, mmoja kwa kila darasa, na mwalimu mkuu alitaka iwepo siku ya kufungua. Ikichelewa angenunua ndoo za plastiki. Mfinyanzi aliifinyanga mpaka ncha za vidole zikapoteza hisia. Ilipotoka motoni ilikuwa mizuri. Aliigonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na yote ikaitika vizuri. Zamani sauti ile ilikuwa ikimfurahisha hata akaimba. Sasa aliisikiliza kama anavyosikiliza mlango unaofungwa, basi.

Kupeleka mizigo miwili midogo kusingewezekana, maana kwenda na kurudi kulimeza siku nzima na shule ilifunguliwa kesho yake. Wakapakia yote. Mfinyanzi akakaa mbele na kasia lake, Nahodha nyuma na lake.

Walipofika penye fungu la mchanga, mtumbwi ulitoa mlio kama wa mtu anayesugua sufuria, ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Tumepwelea," Nahodha alisema.

Mfinyanzi aliinua kasia haraka lisiguse chini. Maji ya pembeni hayakufika hata kifundo cha mguu. Konokono walionekana mchangani, na mawe madogo, na alama za miguu ya ndege. Mtoto anayetambaa angevuka hapo. Wakajaribu kuyumbisha mtumbwi, kushoto, kulia. Ulitulia kama kuku anayelalia mayai.

Ukingoni mlinzi alisimama kutoka kwenye kigoda. "Kaka, mmekwama?"

Nahodha aliuyumbisha mtumbwi tena.

"Shemeji, mmekwama?"

"Si unaona."

"Nimeambiwa nipige picha mtu akishuka."

"Hatujashuka."

"Ndiyo. Hamjashuka." Akatazama simu yake kana kwamba inaweza kumpa shauri.

Wakakaa. Jua likapanda likawakalia vichwani. Nahodha alikuwa ameikunja miguu yake chini yake kama mtu aliye msikitini au mkekani. Mkewe alipomtazama akasema kwa sauti ndogo, "Inataka kushuka yenyewe." Wala haikuwa mzaha. Miguu ile ilikuwa imeshuka hapo tangu alipokuwa mtoto.

Gari la meneja lilikuja likasimama kwenye majani. Alishuka, akatazama mtumbwi, akatazama maji, akaelewa. Hakucheka. Labda angecheka ingekuwa afadhali.

"Mzee," aliita, "huna haja ya kuchomwa na jua. Shamba lina utu. Omba tu ruhusa. Sema, naomba kushuka. Nami nitasema, shuka. Mdogo wako huyu ni shahidi."

Mlinzi aliinamisha kichwa.

"Ni neno moja tu," meneja alisema. "Na siku nyingine ukifika hapa utaomba tena, nami nitakupa tena. Mbona rahisi?"

Mfinyanzi alimwona mumewe akifumbua mdomo. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua. Alikuwa anatafuta neno ambalo watoto hulijua kabla ya kujua kutembea, na mkewe aliona kwamba amelipata, limefika ulimini.

Mfinyanzi akashika mtungi uliokuwa karibu naye. Akauvuta, akauegemeza ubavuni mwa mtumbwi, akauteremsha taratibu, na kabla haujafika chini akauachia. Mtungi uligusa mchanga, ukayumba kidogo, ukasimama. Akavuta wa pili.

"Unafanya nini, mama?" meneja aliuliza.

"Napunguza mzigo."

"Unatupa takataka kwenye shamba la watu!"

"Bosi," mlinzi alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "hiyo si takataka. Ni mitungi."

Meneja alimgeukia. Mlinzi hakuongeza neno, lakini hakulifuta pia.

Mfinyanzi aliendelea. Hakuwa na hasira wala uchungu. Alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa kushika, kuvuta, kuteremsha, kuachia kabla vidole havijagusa mchanga. Mitungi ikasimama mmoja baada ya mwingine katikati ya mto, midomo juu, maji yakiizunguka kitakoni. Alimsikia Nahodha nyuma yake akifunga mdomo, meno yakagongana. Halafu mtumbwi ukatikisika, ukajinasua, ukaelea.

"Piga kasia," alisema.

Walipita. Mpaka wa shamba ulikuwa mbele, penye kigingi chenye rangi nyeupe. Walipokipita tu Nahodha aliruka nje, akasimama ndani ya maji kwa miguu yote miwili, akashika ukingo wa mtumbwi, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

"Ningeomba," alisema.

"Najua."

"Bado kidogo tu ningeomba."

"Najua, Nahodha. Panda, twende. Tutachelewa."

Mwalimu mkuu alipokea mitungi michache iliyobaki, akashukuru, na madarasa mengine akayanunulia ndoo.

Mitungi iliyoteremshwa ilikaa mtoni. Nahodha akipita na mzigo mwepesi aliipitia kando, mkono mmoja tu kutoka kwake, wala asiiguse, maana mtungi uliosimama chini ya mto umekuwa sehemu ya chini ya mto, au hivyo ndivyo watu walivyobishana. Meneja aliagiza ivunjwe. Mlinzi alimwambia magae yatakata miguu ya vibarua, naye akaahirisha.

Jioni moja mlinzi alirudi, hakuvua buti. Alisimama mbele ya mfinyanzi aliyekuwa akikanda udongo.

"Shemeji, mkubwa amekuja. Mwenyewe."

"Yukoje?" mama mkwe aliuliza; safari hii alikuwa amesikia vizuri.

"Mtu tu, mama. Ana kitambi. Mkewe ndiye aliyeiona mitungi. Ameipenda. Wameitoa wakaipeleka nyumbani kwao kuoteshea maua." Akameza mate. "Anataka mingine. Mingi. Analipa vizuri kuliko soko. Gari litakuja kuichukua hapa mlangoni."

Nahodha alikuwa akichonga kasia. Kisu chake kikasimama.

Mfinyanzi alifikiria yale maua. Alijaribu kukasirika, kwa maana aliona ni haki yake. Akajaribu kufurahi, kwa maana nyumba ilikuwa na shida. Hakuna kilichokuja. Lakini mdomo ulijua la kusema.

"Mwambie vyungu vyangu huenda kwa maji."

"Shemeji, mtungi mkubwa pale kwenye fungu hauwezi..."

"Mwambie hivyohivyo."

"Wewe una wazimu, mwanangu," mama mkwe alisema kwa mapenzi. "Mtu anakuletea gari, unamdai mto."

Walingoja. Usiku Nahodha aligeuka sana kitandani. Kisha mlinzi akaanza kurudi nyumbani akiwa na tope mpaka mapajani, na sare yake ikawa hairudi rangi hata ikifuliwa. Mkubwa alikuwa amekubali, amemwambia meneja, na meneja amewaambia walinzi na vibarua. Vibarua wa shamba walikuwa wanachimba mfereji kukata fungu la mchanga, upana wa mtumbwi mmoja, na wao waliruhusiwa kusimama chini kwa kuwa ni wa shamba.

Siku ya kwanza waliyopita na mzigo kamili, mlinzi alikuwa bado ndani ya maji na koleo, akisafisha kingo za mfereji zisiporomoke. Mtumbwi ulipomkaribia alisogea pembeni.

"Kaka," alisema.

Nahodha alipiga kasia mara moja, mara ya pili. "Naam," akaitika, bila kumtazama. Lakini aliitika, na mlinzi akabaki amesimama na koleo lake mpaka walipopotea kwenye kona.

Mauzo yakawa mazuri. Wauza mboga na fundi viti walitumia mfereji uleule, na kwenye madirisha ya maduka watu wakaanza kusema kumbe mwenye shamba ni mtu mwema, ameufungua mto kwa ajili ya wanyonge. Yule afisa mwenye mafua hakuna aliyemkumbuka. Nahodha akisikia hivyo alikuwa akivuta kofia machoni.

Mfinyanzi siku hizo alikwenda na mumewe mara nyingi. Siku moja, katikati ya mfereji, joto lilikuwa kali na maji yalikuwa masafi. Alilaza kasia, akauteremsha mkono nje ya mtumbwi mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa ya baridi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akasikia kitu mwilini, ubaridi ule ukipanda mpaka kwapani. Mchanga ulikuwa hapo chini, mweupe, laini, umbali wa kucha.

Akakunja vidole, visiguse chini.